Wiki moja ndani ya Noah na familia nzima: Tabora mpaka Kigoma likizo ya mwezi wa sita

Wenzetu wa Marekani wana yale magari makubwa yenye kitanda, jiko na choo humohumo, shule zikifunga tu baba anapiga stata familia inapotea wiki nzima. Huku kwetu gari la hivo kulipata ni shughuli na ukilipata mafuta yake yatakutoa machozi, ila jambo lenyewe linawezekana kabisa na Noah, na Hiace ndo usiseme. Hapa nachukulia familia ya watu sita, baba na mama, bibi mmoja na watoto watatu, mnatokea Tabora mjini mnaenda Kigoma kuona ziwa na kurudi. Kama mko wengi zaidi chukueni Hiace, msibanane.

Na nianze na hili maana ndo linaloharibu safari nyingi: watu wanapanga wataona nini, hawapangi watalala wapi. Safari ya gari la kulala inapangwa kuanzia usiku kurudi mchana. Ukishajua kila usiku gari linapaki wapi, choo kiko wapi na maji yanatoka wapi, hayo mengine yanajipanga yenyewe. Ukiacha mpaka saa 11 jioni ndo unaanza kuulizia, watoto wamechoka, bibi miguu imevimba, utalipa chochote mtu atakachokuambia.

Kulala: uani kwa watu, sio porini

Njia rahisi na ya uhakika ni kupaki kwenye uwanja wa gesti au lodge yenye ukuta na mlinzi. Unachukua chumba kimoja, kile cha bibi na mtoto mdogo, wengine mnalala kwenye gari na hema dogo pembeni. Kile chumba kimoja ndo kinawanunulia wote choo, bafu, maji na usalama. Piga simu siku mbili tatu kabla, ukifika ongea kwa adabu na mwenye nyumba mwenyewe sio kijana wa mapokezi, kitu kama hiki:

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, karibuni."

"Mama tuko safarini na watoto, tutachukua chumba kimoja cha bibi yao, ila tulikuwa tunaomba tupaki huku uani wengine tulale kwenye gari, tutumie choo na bafu la nje. Tukuongezee shilingi ngapi?"

Hilo swali la mwisho ulitoe wewe kabla hajakuuliza yeye. Mara nyingi atashangaa kwanza, ataita na wenzake waje waone godoro ndani ya Noah, kisha mtaelewana.

Kijijini ni hivohivo ila unaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji, unajitambulisha na vitambulisho mkononi, yeye ndo atakuonyesha pa kupaki. Usipaki tu chini ya mti ukalala. Na pori lile la baada ya Kaliua kwenda Uvinza msilale humo hata kama watoto wanaimba wanataka kambi, misitu ya hifadhi inataka kibali na wanyama wapo, halafu gari likipaki usiku kando ya barabara kila anayepita atataka kujua lina nini.

Gari lenyewe

Wiki mbili kabla lipeleke kwa fundi, sio jana yake. Mwambie abadilishe oili, aangalie brek pedi, shokapu, mikanda ya injini, rejeta na kulanti, taa zote, na ea klina aitoe aipulize au aweke mpya kwa sababu mwezi wa sita na wa saba huku ni vumbi tupu. Spea tairi iwe na upepo kwelikweli, watu wengi wanaibeba imelala mwaka mzima wanakuja kugundua porini. Jeki, spana ya magurudumu, kamba ya kuvutia, pampu ya upepo ya kuchomeka kwenye gari, tochi ya kichwani. Noah iko chini, ukiipakia watu sita na mizigo itazidi kushuka, kwa hiyo vitu vyepesi vipande juu kwenye keria (magodoro, hema, nguo) na vizito kama maji vikae chini katikati ya gari, sio nyuma kabisa kwenye buti.

Mafuta pigeni hesabu hivi. Kutoka Tabora kupitia Urambo, Kaliua, Uvinza mpaka Kigoma ni kilomita 400 na ushee, kwenda na kurudi weka 850, ongeza 150 za kuzungukazunguka huko, jumla 1,000. Noah iliyojaa usitegemee zaidi ya kilomita 9 kwa lita, inakuja kama lita 110. Zidisha kwa bei elekezi ya EWURA (mamlaka inayotangaza bei za mafuta), wanaitoa kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na bei ya Kigoma huwa iko juu kuliko ya Dar kwa sababu ya umbali. Jaza fulu tenki Tabora, jazia tena Kaliua hata kama mshale bado uko juu. Petroli kwenye dumu ndani ya gari mnalolala, hapana kabisa.

Godoro, neti na baridi

Pima gari kabla ya kununua godoro. Viti vya nyuma vikikunjwa au kutolewa unapata nafasi ya mtu mzima mmoja na watoto wawili, sponji ya inchi 4 inatosha, mwambie muuzaji aikate kwa kipimo chako. Mapazia ya madirisha fundi cherehani anakushonea kwa kitambaa chochote kizito, ila kitu cha maana zaidi ni neti: kata vipande vya chandarua vikubwa kuliko dirisha, unatandika juu ya mlango ukiwa wazi halafu unaufunga mlango unaubana, kioo unashusha kidogo hewa inapita mbu hawapiti. Hema nalo liwe na neti yake. Kigoma na Tabora malaria ipo mwaka mzima, msijidanganye na kiangazi.

Mwezi wa sita usiku wa Tabora na Urambo ni baridi ya kuvaa sweta, Kigoma kwa kuwa kuko chini kando ya ziwa kuna joto kidogo. Beba mablanketi. Na hapa naomba nisikike vizuri: jiko la mkaa lisiingie ndani ya gari wala hema kwa ajili ya kuota moto, hata kama makaa yamebaki mekundu kidogo tu. Ile hewa yake haina harufu, familia inalala haiamki. Kioo kibaki wazi hata vidole viwili usiku kucha.

Maji, jiko na tumbo

Maji ya kunywa na kupikia weka lita 4 kwa mtu kwa siku, watu sita ni lita 24, kwa hiyo madumu mawili ya lita 20 yanawavusha siku moja na akiba, mnajaza kila mnapolala. La kuogea na kuoshea vyombo liwe dumu la tatu la rangi tofauti ili mtoto asichanganye. Jiko mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye bana ya juu, unasafiri koki imefungwa, umesimama wima, umefungwa kamba, na kupika ni nje ya gari siku zote.

Chakula cha njiani usikifanye kikubwa. Uji kwenye chupa ya chai, karanga, michembe, mayai ya kuchemsha, ndizi. Mchana mnakula kwa mama ntilie Urambo au Kaliua, wali maharage au ugali, basi. Watoto wanaotapika wakae viti vya katikati, sio vya nyuma kabisa, waangalie barabara sio simu, na mifuko iwe karibu. Sanduku la dawa: panadoli ya watoto, ORS, plasta, dawa ya kusafishia kidonda, na dawa za bibi za presha ziwe kwenye mkoba wake mwenyewe, sio kwenye keria.

Karatasi nazitaja haraka: leseni, bima, kadi ya gari, mtungi wa kuzimia moto, pembetatu, NIDA za watu wazima na kopi za vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Kigoma ni mkoa wa mpakani, uhamiaji wanasimamisha magari na kuuliza vitambulisho, hata bibi wa miaka 70 ataulizwa, kwa hiyo kitambulisho chake kisiachwe kabatini. Kadi za bima ya afya pia. Na penye nyumba za watu mwendo ni 50, wale trafiki wenye tochi ya kupima mwendo hawajaenda likizo.

Siku ya majaribio

Wikiendi moja kabla ya safari pakieni kila kitu kama mnaondoka kweli, nendeni mlale usiku mmoja Kwihara au kwa ndugu yeyote mwenye uwanja nje ya mji. Kwihara ni jirani tu na mjini, pale kuna ile nyumba ya tembe aliyokaa Livingstone, yule mmisionari mpelelezi wa Kiskoti, mwaka 1872, Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, alimwacha pale akarudi pwani, kwa hiyo watoto wanapata mwanzo wa hadithi ambayo wataikuta Ujiji huko Kigoma. Usiku huo ndo mtajua nani anakoroma, godoro lipi fupi, tochi ipi haina betri na mtoto gani anaogopa choo cha nje. Vitu ambavyo havikuguswa usiku huo vishushwe, havitaguswa na Kigoma.

Siku ya kwanza na ya pili: barabarani

Muda wa kuondoka. Mtu wa Dar atakuambia saa 12 kamili asubuhi, ila sisi tuko magharibi, mwezi wa sita Tabora saa 12 bado giza na jua linatoka karibu saa 1. Ondokeni saa 12 na nusu kukianza kupambazuka. Faida yake mnaipata jioni, Kigoma jua linazama karibu saa 1 usiku, mna mwanga mrefu wa kupika na kupanga hema. Kuendesha usiku mfute kabisa, ng'ombe na baiskeli zisizo na taa ni nyingi.

Tabora mpaka Urambo ni kama kilomita 94, chai ya pili hapo. Kaliua mnakula, mnajaza mafuta, bibi ananyoosha miguu. Baada ya hapo ni Kazilambwa, Chagu, unaingia upande wa Uvinza na nyumba zinapungua, mtandao unakata vipande vipande, kwa hiyo ramani ipakueni mapema kwenye simu. Kabla ya kuondoka ongeeni na dereva wa basi la Kigoma pale stendi Tabora, atakuambia kipande kipi kina ujenzi na kipi kina vumbi, madereva wanajua kuliko ramani yoyote. Mbung'o wapo huko porini, wanapenda rangi ya bluu na nyeusi, wavalisheni watoto nguo za kaki au rangi hafifu na vioo vipandishwe.

Daraja la Kikwete kwenye mto Malagarasi mnasimama, mnapiga picha, ila hakuna kushuka majini, mamba wapo. Waambieni watoto kwamba bonde lile la Malagarasi na Muyovozi ndo eneo la kwanza la Tanzania kuingia kwenye orodha ya Ramsar, mwaka 2000, yaani dunia nzima inalitambua kama ardhi oevu ya maana.

Lala Uvinza. Ndio, ukikaza unaweza kufika Kigoma siku hiyohiyo na wanaume wengi watataka kukaza, ila Uvinza pana chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu wamekuwa wakichemsha chumvi kwa karne nyingi, na watoto wakifika saa 9 mchana wana muda wa kucheza. Asubuhi yake mnatembea taratibu kupitia Kidahwe, saa 5 mko Kigoma, mna siku nzima ya kutafuta mahali pazuri. Kufika mji mgeni mchana ni nusu ya usalama wa familia.

Siku ya tatu mpaka ya tano: gari lipaki

Hapa ndo penye likizo yenyewe, na ushauri wangu gari lisitembee sana. Upande wa Katonga kusini mwa mji kuna fukwe na sehemu za kupiga kambi, Jakobsen ndo inayojulikana zaidi, ina mchanga na maji meupe. Nyani na tumbili wa huko wanajua kufungua zipu, chakula chote kikae ndani ya gari na vioo juu.

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, duniani linazidiwa na Baikal tu, kwa hiyo pale linapoonekana kama bwawa tulivu chini panashuka ghafla. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea hata kama maji yako magotini, na mtu mzima mmoja kazi yake iwe kuangalia tu, bila simu. Epukeni kwenye matete, kwenye midomo ya mito na pale wanapofulia watu: kwenye matete kuna kichocho, kwenye midomo ya mito mamba. Ulizeni wenyeji wa palepale, "watoto wanaogea wapi hapa?" ndo swali zuri kuliko yote. Kiangazi upepo wa kusini unavuma na mchana mawimbi yanakuwa makubwa, kuogelea na boti ni asubuhi.

Siku moja ni ya Ujiji, ni karibu tu na mjini. Kuna kumbukumbu ya pale Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871 na makumbusho yake, ila usiwaishie hapo, waonyeshe watoto maembe ya kale na uwaambie njia ya misafara ya pembe na watumwa iliyotoka Ujiji ikapita Tabora ikaenda mpaka Bagamoyo, yaani hii barabara mliyopita na Noah watu waliitembea kwa miguu, wengine minyororoni. Rudini mjini mpite stesheni ya reli ambayo Wajerumani waliifikisha Kigoma mwaka 1914, na mkiwa karibu na bandari kuna hadithi ya meli ya MV Liemba: imejengwa Ujerumani 1913, ikazamishwa na Wajerumani wenyewe 1916 Waingereza wasiichukue, ikaibuliwa, ikarudi kazini 1927. Watoto wa kiume hadithi hiyo hawaichoki.

Gombe sasa. Hakuna barabara, ni boti tu, wengi wanapandia Kibirizi. Ni hifadhi ya taifa tangu 1968, na utafiti wa sokwe alioanza Jane Goodall mwaka 1960 ndo ulioitangaza dunia nzima. Ila kwa familia yenye watoto wadogo mimi siishauri, kupanda vile vilima ni kazi, kuna umri ambao chini yake mtoto haruhusiwi kwenda kwa sokwe, na mwenye mafua hawamruhusu kwa sababu sokwe wanaambukizwa magonjwa yetu. Kama mna kijana mkubwa, mzazi mmoja aende naye, mwingine abaki ufukweni na wadogo. Pigeni simu hifadhini kabla, mbebe NIDA mlipe bei ya Mtanzania, malipo ni kwa kontrol namba sio keshi, na boti msiingie kama haina majaketi ya kila mtu.

Siku ya tano ifanyeni ya kufua, kulala mchana na kutofanya kitu. Msiijaze.

Dagaa na mawese: namna ya kubeba bila kuharibu gari

Huwezi kurudi Tabora kutoka Kigoma mikono mitupu, majirani watakununia. Lakini kwanza angalia kalenda: mwaka 2024 serikali ilifunga uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane, na hiyo ndo likizo yenyewe. Ulizia kama mwaka wenu limefungwa. Likiwa limefungwa migebuka na kuhe wabichi wasahauni, utakuta dagaa wakavu wa akiba na bei imepanda. Likiwa wazi, angalia mwezi pia, dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa wavuvi wanapumzika.

Kuchagua: chota kiganja kizima, kitikise, halafu mwaga na uangalie kiganja chako. Kikibaki na mchanga hao wameanikwa chini, utakuwa unatafuna kokoto. Walioanikwa kwenye chanja kiganja kinabaki kisafi. Rangi iwe ya fedha inayong'aa, wakianza unjano wamekaa. Vunja mmoja, avunjike kwa sauti. Kama anapinda bado ana maji, atavunda kabla ya Kaliua.

Wanunueni asubuhi ya kuondoka, sio siku ya tatu, mnakumbuka mnalala ndani ya hilo gari. Wafunge kwenye nailoni mbili, kisha kiroba, wapande juu kwenye keria na turubai. Mawese yawe kwenye dumu jipya, mfuniko uuweke nailoni chini yake kabla ya kuufunga, na dumu lisimame ndani ya beseni. Doa la mawese kwenye kiti cha Noah halitoki, mtabaki nalo mpaka mnauza gari.

Siku ya sita na ya saba: kurudi

Ondokeni Kigoma saa 4 baada ya soko, laleni tena Uvinza kwa mwenyeji yuleyule, safari hii hatawashangaa na bei itakuwa nzuri zaidi. Siku ya saba mapema mnapita pori watoto wakiwa bado wanasinzia, mnakula Kaliua, mnapita Urambo, Tabora mnaingia mapema alasiri. Usipange kurudi Jumapili kama kazi ni Jumatatu, rudini Jumamosi. Ile Jumapili magodoro yanaanikwa, gari linaoshwa mpaka chini ya mazulia, ea klina inapulizwa tena, na fundi anapitisha spana kwenye nati za magurudumu na keria.